Kumfikisha Mgonjwa Hospitali Kutoka Vijiji vya Milimani: Mwongozo Kamili wa Kupanga Usafiri wa Dharura kwa Gharama Ndogo

Katika vijiji vingi vya Kabare, Walungu, Kalehe na Mwenga, huku Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana gari la wagonjwa linalomngojea nje. Ana majirani wenye nguvu, ana kipoyi (machela ya kubebwa na watu), ana motari (dereva wa pikipiki ya abiria) anayelala kwenye senta iliyo chini ya kilima, na pengine ana simu moja yenye chaji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaotaka kuwaunganisha watu na vitu hivyo ili iwepo huduma ya kutegemewa: kamati za maendeleo ya afya (CODESA), wauguzi wakuu wa vituo, wahamasishaji wa afya vijijini, machifu, vyama vya motari, na pia wafadhili wadogo walioko Bukavu, ambao mara nyingi huanza kwa kuuliza bei ya gari.

Niseme wazi tangu mwanzo jambo ninaloliamini: chombo cha usafiri kinunuliwe mwisho. Mama anayevuja damu nyingi anaweza kufariki ndani ya saa 2 asipotibiwa, na katika saa hizo sehemu kubwa hupotea kabla hata hajatoka nyumbani. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawanya ucheleweshaji huo mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Gari linagusa ucheleweshaji wa pili peke yake. Anayekufa huku jamaa wakibishana nani atoe pesa ya usafiri amekufa kwa kukosa makubaliano, na makubaliano hayana bei ya dola elfu arobaini.

Hatua ya kwanza: kupima muda na mahitaji

Chukueni daftari la rufaa la kituo cha afya, mchague dharura 10 za mwisho, kisha mwende kuzungumza na familia hizo kwa heshima, pamoja na zile zilizofiwa. Kwa kila mgonjwa andikeni saa sita: saa dalili ilipoonekana, saa ya kuamua kuondoka, saa ya kuondoka nyumbani, saa ya kufika barabarani, saa ya kufika kwenye lango la hospitali, na saa mhudumu alipomgusa mgonjwa kwa mara ya kwanza. Watu hawakumbuki dakika, lakini wanakumbuka kama jogoo alikuwa amewika, kama soko lilikuwa limeanza, kama watoto walikuwa wametoka shule, hayo yanatosha. Mkipanga saa hizo kwenye karatasi moja mtaona wapi muda unapotea, na mara nyingi si pale mlipodhania.

Baada ya hapo tembeeni njia yenyewe kwa miguu, kutoka nyumba ya mbali kabisa hadi barabara, mkiandika kila daraja la magogo, kila mteremko wa udongo mfinyanzi na kila mahali pasipo na mtandao wa simu. Njia ya Julai siyo njia ya Novemba. Kwetu mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na mpango uliochorwa wakati wa kiangazi peke yake utakwama wiki ya kwanza ya masika. Wale wa Kalehe hawahitaji kukumbushwa: mafuriko ya Mei 2023 huko Bushushu na Nyamukubi yalionyesha jinsi mito inayoshuka ziwani inavyoweza kuifuta njia kwa siku moja.

Sasa hesabuni mahitaji. Mipango ya afya nchini mwetu hukadiria kwamba wajawazito kwa mwaka ni kama asilimia 4 ya watu wote, na makadirio yanayotumiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni kwamba karibu asilimia 15 ya mimba hupata matatizo yanayohitaji huduma ya haraka. Eneo la afya lenye watu 8,000 litakuwa basi na wajawazito 320 kwa mwaka, na takriban 48 kati yao watapata matatizo, yaani wanne kwa mwezi. Ongezeni watoto wenye malaria kali, walioanguka kutoka mitini, walioungua na wenye tumbo la ghafla; kamati yenye busara itajiandaa kwa safari zipatazo nane kila mwezi. Namba hii ndogo ni habari njema, kwa sababu safari nane zinaweza kugharamiwa na kijiji chenyewe.

Hatua ya pili: kipoyi kilichotengenezwa vizuri

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu kipoyi hudharauliwa na watu wanaopanga miradi, ilhali ndicho kinachobeba sehemu ngumu kuliko zote za safari. Kuna vijiji ambako hakuna chombo chenye magurudumu kitakachopita katika miaka kumi ijayo.

Tafuteni miti miwili ya mkaratusi iliyokauka vizuri, au mianzi iliyokomaa, yenye urefu wa mita 2.8 na unene wa sentimita 5 hivi, isiyo na fundo kubwa katikati. Itenganisheni kwa vipande viwili vya mbao imara ili upana wa kulalia uwe sentimita 55. Ukizidi hapo, wabebaji hawawezi kupita kwenye vichochoro vya migomba, na ukipungua, mikono ya mgonjwa inaning'inia. Wekeni miguu mifupi ya sentimita 15 ili mgonjwa asilazwe kwenye matope wakati wa kupokezana. Sehemu ya kulalia iwe turubai la plastiki, lililokunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi wa nailoni kuzunguka miti. Kitambaa hunywa damu na hakisafishiki. Mikanda iwe minne, yenye upana wa sentimita 5, kama ile ya kufungia mizigo: kifuani, nyongani, mapajani na kwenye vifundo vya miguu. Mpira wa ndani wa gurudumu hauifai kazi hii kwa kuwa unavutika, na kwenye mteremko mgonjwa huanza kuteleza. Kwa mjamzito, mkanda usipite juu ya tumbo hata kidogo.

Kabla ya kumbeba mtu, wekeni juu ya kipoyi mifuko ya mchanga yenye uzito wa kilo 120, mwegemeze ncha za miti juu ya magogo mawili, muache hivyo usiku kucha. Asubuhi angalieni mishono na mahali mbao zinapokutana na miti. Mti uliopasuka hata kidogo utupwe.

Kikosi cha kubeba kiwe na watu 8 hadi 12, wanne wakibeba kwa zamu, wakipokezana kila dakika 10 bila kusubiri mtu alalamike kwamba amechoka. Mmoja atangulie na tochi na panga. Mwingine, afadhali mwanamke anayejulikana na mgonjwa, atembee kando akimtazama usoni, akizungumza naye na kukagua kama damu inaongezeka. Kwenye tambarare na mteremko mgonjwa atangulize miguu. Kwenye kupanda atangulize kichwa. Lakini kwa aliyepoteza damu nyingi mwili unapaswa kubaki sawa kadiri inavyowezekana, kwa hiyo wakati wa kupanda walio mbele washike kipoyi chini kwa mikono, na walio nyuma wakiweke mabegani. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Mwenye degedege au asiye na fahamu alazwe ubavu pia. Anayeshindwa kupumua aketishwe nusu. Blanketi lisisahaulike, kwa sababu usiku wa milimani ni wa baridi, na mwili uliopoa huchelewa kugandisha damu. Mtoto mchanga asibebwe peke yake katika nguo. Awekwe ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, au mwa jamaa iwapo mama hana nguvu.

Zone nzima ya afya, yaani maeneo yote ya afya yanayotegemea hospitali moja, ikubaliane kipimo kimoja cha kipoyi. Faida yake itaonekana hospitali: badala ya wabebaji kungoja siku mbili ili warudishiwe chao, wanaacha kilichobeba mgonjwa na kuondoka na kingine kilichokwisha kusafishwa.

Hatua ya tatu: mahali pa kupokezana, motari na chombo cha magurudumu

Chagueni mahali pamoja panapojulikana na wote, ambapo kipoyi kitakutana na chombo cha injini: palipo na paa, mtandao wa simu, nafasi ya kugeuza gari, na mlinzi au familia inayokubali kugongewa mlango usiku. Simu ipigwe kijijini wakati kipoyi kinaondoka, wala si kinapofika barabarani, ili kusiwe na mgonjwa anayelala kando ya njia akisubiri.

Swali la nani ambebe kutoka hapo lina majibu kadhaa. Katika wilaya ya Mangochi, nchini Malawi, pikipiki zenye kitanda cha pembeni zilifanyiwa utafiti na zikapunguza ucheleweshaji wa rufaa kwa saa 2 hadi 4.5, huku bei ya kununua moja ikiwa chini mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa, na gharama ya kuiendesha kwa mwaka ikiwa dola 508. Ni ushahidi wa kutia moyo. Hata hivyo barabara nyingi za Walungu na Kabare zina mteremko mkali na ukingo usio na kizuizi, na kitanda cha pembeni kinahitaji barabara pana. Gurudumu la tatu likikosa ardhi, wote wanaanguka. Mkifikiria tela la kukokotwa na pikipiki, hakikisheni lina breki zake, kwa kuwa kwenye mteremko wa udongo tela husukuma pikipiki. Kiungo cha kuvutia kizunguke pande zote, ili pikipiki ikilala tela libaki limesimama, na pawe na mnyororo wa akiba. Magurudumu yawe makubwa kama ya pikipiki, upana usizidi sentimita 90, na kitanda kipimwe kwa kipoyi chenu, ili mgonjwa asihamishwe kutoka kimoja kwenda kingine huku akiumia.

Ukweli wa kila siku ni kwamba wagonjwa wengi wataketi kwenye pikipiki ya kawaida, katikati ya motari na msindikizaji. Sipingi jambo hilo, ila liwe na mipaka iliyoandikwa. Anayeweza kuketi mwenyewe na kujishika anaweza kubebwa hivyo. Asiye na fahamu, mwenye degedege, anayevuja damu nyingi, mwenye uchungu uliokwisha kukolea, aliyevunjika paja au anayeshukiwa kuumia mgongo hapandi. Huyo analala, ama kwenye tela, ama kwenye gari la mfanyabiashara ambaye mmekwisha kukubaliana naye.

Makubaliano na motari yafanyike wakati wa amani, mbele ya viongozi wa chama chao. Yataje bei moja kwa mchana na moja kwa usiku, zamu za kila wiki zenye majina mawili, kofia ngumu kwa wote, na jinsi malipo yatakavyofanyika. Katika jimbo la Gombe, Nigeria, madereva waliojitolea kubeba akina mama walipewa ruhusa ya kupakia abiria kwanza wanaporudi kituoni, bila kusubiri foleni. Ni malipo yasiyotoka kwenye mfuko wa mtu yeyote, na sioni sababu ya vyama vya motari wa huku kushindwa kuyajaribu.

Kwa wakazi wa Idjwi na wa vijiji vya pwani ya Kalehe, chombo ni mtumbwi wenye mota. Mgonjwa alazwe chini katikati, kila mtu avae jaketi la kuokolea, mafuta yawe ya kwenda na kurudi, na nahodha pekee ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu mawimbi, hata kama familia inamsihi.

Hatua ya nne: fedha

Tuchukue mfano wa lile eneo la watu 8,000, lenye nyumba zipatazo 1,200. Ikiwa nusu ya nyumba zitatoa faranga 500 kwa mwezi, mfuko utapata faranga 300,000. Safari nane kwa faranga 30,000 kila moja ni 240,000. Zinabaki 60,000 kwa mikanda, tochi, klorini, vocha za simu na matengenezo. Ni hesabu iliyobana, na inaonyesha kwa nini bei isiyojadiliwa mapema huua mfuko ndani ya miezi mitatu. Wekeni namba zenu halisi mahali pa hizi zangu.

Msianzishe mfuko mpya ikiwa mna MUSO au AVEC, yaani kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana, inayofanya kazi. Ombeni ifungue sanduku la pili kwa ajili ya safari. Wanawake wanaokutana kila wiki na kuhesabu pesa mbele ya wote wana nidhamu ambayo kamati mpya itachukua miaka kuijenga. Kanuni moja isivunjwe: hakuna anayeulizwa kadi ya uanachama wakati anavuja damu. Asiyechangia abebwe, kisha familia yake ilipe polepole, na asiye na uwezo kabisa asamehewe kwa uamuzi wa kamati ulioandikwa.

Motari alipwe siku hiyo hiyo. Akifika hospitali, muuguzi wa mapokezi apige muhuri kwenye karatasi ya rufaa, motari atume picha au asome namba yake kwa simu, na mweka hazina amtumie pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Huko Tanzania, mpango wa m-mama unaendeshwa kwa namna hii: familia hupiga 115 bila malipo, dereva wa jamii hutumwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Ulianzia Sengerema na Shinyanga na ukaanza kupelekwa nchi nzima mwaka 2022. Kijiji hakihitaji kituo cha simu cha taifa ili kufuata kanuni hiyo, kwani motari aliyelipwa jana ndiye atakayepokea simu saa nane za usiku wa leo.

Petroli ya lita 5 iwekwe kituoni katika dumu lililofungwa, mbali na moto na dawa, kwa sababu makadafi, wale wauza petroli wa barabarani, hawapatikani usiku.

Hatua ya tano: kituo cha afya na simu

Mgonjwa asiondoke mikono mitupu. Muuguzi atoe matibabu ya kwanza yaliyo katika taratibu za zone: oksitosini kwa anayevuja damu baada ya kujifungua, dozi ya kuanzia ya salfati ya magnesiamu kwa mwenye kifafa cha mimba, artesunati kwa mtoto mwenye malaria kali. Dawa hizo hazichukui nafasi ya safari. Artesunati ya njia ya haja kubwa, hasa, hutolewa ili kununua muda tu, na mtoto akionekana kupata nafuu bado lazima apelekwe. Oksitosini inahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kituo kisicho na friji kizungumze na ofisi ya zone kuhusu misoprostoli, vidonge visivyohitaji friji.

Simu kwa hospitali itaje umri, tatizo, dawa iliyotolewa na saa yake, kundi la damu kama linajulikana, na saa ya kuondoka. Namba za simu ziandikwe kwa rangi ukutani, siyo kwenye karatasi.

Safari nyingine zinaweza kufanywa bila dharura. Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, au mfupi sana katika mimba yake ya kwanza ashauriwe kushuka wiki chache mapema na kukaa kwa jamaa au katika nyumba ya kusubiria uzazi karibu na hospitali. Nauli ya mchana kwa mtu mwenye afya ni ndogo, na mfuko uilipe bila kusita.

Hatua ya sita: vizuizi, alama na usafi

Katika hali ya Kivu ya leo, mpango usiozungumzia vizuizi vya barabarani haujakamilika. Kamati, ikiwa na chifu na muuguzi, iende mapema kwa wenye mamlaka wa kila upande wa njia, ikiwapa majina ya motari wa zamu, mfano wa karatasi ya rufaa na namba ya simu ya kituo. Chombo kisibebe silaha, askari wala mzigo wa biashara, hata mara moja, kwa sababu siku hiyo moja ndiyo itakayokumbukwa kizuizini. Msichore msalaba mwekundu: alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na kuitumia bila idhini kunapunguza ulinzi wa wale wenye haki nayo. Jina la kituo cha afya kwa herufi kubwa na kitambaa chenye rangi mliyokubaliana vinatosha.

Kuhusu usafi sitasema mengi, ila ufanyike kila mara. Mpox ilienea kutoka Kamituga mwaka 2023, na kipindupindu hakiondoki kwenye pwani zetu. Baada ya kila safari, ondoeni kwanza damu na uchafu, pakeni maji ya klorini ya asilimia 0.5, subirini dakika 10, kisha suuzeni na kuanika. Glavu zikae ndani ya mfuko uliofungwa kwenye kipoyi chenyewe.

Hatua ya saba: jaribio na daftari

Fanyeni jaribio mara mbili kabla ya kutangaza huduma, moja mchana na moja usiku wa mvua, mkibeba mtu mzima aliyekubali kulala humo. Mwulizeni baadaye wapi aliogopa. Majibu yake yatarekebisha mikanda na mwendo kuliko ushauri wa fundi.

Zile saa sita mlizoziuliza kwa familia ndizo zitakazokuwa safu za daftari la kila safari, pamoja na hali ya mgonjwa siku ya saba. Kila mwezi CODESA isome daftari hilo kwa sauti. Ikiwa muda unapotea nyumbani, kazi ni ya wahamasishaji na wazee wa ukoo. Ukipotea mahali pa kupokezana, zungumzeni na motari. Ukipotea baada ya lango la hospitali, pelekeni daftari kwa daktari mkuu wa zone. Kifo chochote kijadiliwe bila kumtafuta wa kulaumiwa, la sivyo watu wataanza kuandika saa za uongo.

Ikiwa baada ya mwaka mmoja daftari linaonyesha kwamba kijiji kinaamua haraka, kipoyi kinafika kwa wakati, mfuko una pesa, na bado saa zinapotea kati ya barabara na hospitali, hapo ndipo swali la kununua chombo lina msingi. Mwombeni mfadhili aandike katika mkataba mmoja bei ya chombo pamoja na matairi, vipuri, bima na posho ya dereva kwa miaka 3. Asipokubali kuandika sehemu hiyo ya pili, mwombeni badala yake vipoyi vya akiba, simu, mafuta na blanketi.